Mkalimani na Ufa wa Bwawa

Kuna jambo nimelifikiria kwa miaka mingi na sijalipatia jibu: kwa nini hofu hiyohiyo humfanya mtu leo alikuze jambo dogo, na kesho alipunguze jambo kubwa? Jibu sina. Nina kisa tu, nanyi kichukueni kama kilivyo.

Katika nchi ya milimani alikuwako mfalme aliyejengewa bwawa na mhandisi mgeni. Mhandisi alijua Kiingereza tu, mfalme hakukijua hata kidogo, na kati yao alisimama Mrutu, mkalimani. Chini ya bwawa, bondeni, kulikuwa na kijiji, na humo aliishi mama yake Mrutu.

Mwaka uliotangulia, Mrutu aliona ufa katika ghala la mfalme. Akamwambia mhandisi kwamba ufa ule ulikuwa "enormous", neno ambalo Waingereza huliweka kwa kitu cha kutisha kwa ukubwa wake. Mhandisi akaagiza nafaka yote itolewe nje siku hiyohiyo. Mvua ikanyesha, mahindi yakaozea uani, na ufa ulipotazamwa vizuri haukuzidi upana wa ukucha. Baraza zima lilicheka, isipokuwa mfalme.

"Mrutu," alisema, "ukinitia hofu ya bure mara nyingine, utatafuta nchi nyingine ya kuishi."

Basi asubuhi moja Nakunda, mlinzi wa bwawa, akamfuata nyumbani. Hata hodi hakubisha.

"Bwana mkalimani, njoo uone ukuta."

"Kuna nini?"

"Njoo kwanza. Nikikusimulia utasema nimeota."

Wakateremka mpaka chini ya ukuta. Ufa ulianzia usawa wa kiuno ukapanda kwa mshazari, na maji ya tope yalikuwa yakichuruzika. Mrutu akaingiza kiganja, kikapita. Akaingiza kiwiko, kikapita. Akasukuma hadi bega likagota ukutani, na vidole vyake bado havikugusa mwisho. Kule ndani alihisi udongo ukitetema kama ngozi ya ngoma. Akauchomoa mkono haraka, kana kwamba kuna kitu kilichotaka kuushika.

"Jana ulikuwa hivihivi?"

"Jana kilipita kidole tu," alijibu Nakunda. "Nenda ukaseme, baba. Ningekwenda mimi, lakini huyo mgeni wenu hata nikimwamkia anadhani namwomba kitu."

Njiani Mrutu alikuwa akipanga maneno. Kwa Kiswahili angesema ufa ni mkubwa, basi. Lakini Kiingereza kilimfungulia duka zima la maneno. "Big" lilikuwa neno la watoto. Mhandisi angepiga miayo. "Large" lilikuwa neno la adabu, la kupimia meza na vyumba, halimharakishi mtu. "Huge" humfanya mtu asimame. Na lile "enormous" lilikwisha kumwozeshea mfalme mahindi.

Akawaza: nikisema neno zito na ukuta usianguke, nimefukuzwa. Nikisema jepesi na ukuta ukaanguka... Hakuimalizia fikra hiyo.

Alimkuta mhandisi ameketi na mfalme barazani. Lango la maji la bwawa halikuwa likifunguliwa ila kwa shauri la mhandisi, maana kulifungua ni kuyatupa maji ya kilimo cha mwaka mzima.

"Kuna ufa ukutani," Mrutu alimwambia kwa Kiingereza. Akachagua: "large".

Mhandisi akatikisa kichwa kuitikia, akarudia chai yake. Mrutu akashusha pumzi. Nimepona, akajiambia.

Kisha mhandisi akainua macho tena. Akamtazama juu hadi chini, akasema maneno machache, polepole.

"Amesemaje?" mfalme akauliza.

Mrutu akauficha mkono nyuma ya mgongo.

"Mrutu! Hapa uliletwa kufanya kazi gani?"

"Mtukufu, amesema neno nililompa ni la mtu aliyetulia. Lakini mkono wangu una tope hadi kwapani, na magoti yangu yanagongana. Anauliza amwamini nani, ulimi au magoti."

Hakuna aliyecheka.

"Nami nauliza hilohilo," akasema mfalme.

Mrutu akaunyosha mbele yao mkono ule wenye tope. "Umeingia wote, Mtukufu, na sikugusa mwisho. Jana kilipita kidole. Niliogopa kufukuzwa, ndiyo maana nikatafuta neno la kunilinda mimi." Akamgeukia mhandisi akamweleza vilevile, safari hii bila neno lolote la ukubwa: kidole jana, mkono mzima leo. Kabla hajamaliza, mhandisi alikuwa amekwisha simama.

Mfalme hakufoka.

"Hofu hiyo nilikutia mimi," alisema. "Tutaizungumza tukiwa hai."

Ikaamuliwa lango lifunguliwe, maji ya mwaka mzima yaachwe yaende, na watu wa bondeni wahame mara moja. Lango walilifungua mhandisi na Nakunda, wakilisukuma kwa mabega. Kazi ya kuwahamisha watu wa bondeni akapewa Mrutu.

Alishuka mbio, akapita nyumba kwa nyumba, akiwaonyesha mkono wake. Alimkuta mama yake akipepeta mtama.

"Mwanangu, huo ufa ni mkubwa kiasi gani?"

Mrutu hakutafuta neno. Akaupokea ungo, akauweka chini, akamshika mama yake mkono, wakapanda mlima pamoja na majirani.

Funzo: Hofu ikituchagulia maneno, hutuchagulia yale yatakayotulinda sisi, na wengine ikawaacha hatarini, naye anayemwadhibu mjumbe kwa neno lililozidi, ajue amemfundisha kulipunguza litakalofuata.