Wakala Aliyenusa Miswada

Mkandawile, wakala wa kuwatafutia waandishi wachapishaji, hakuwa akisoma miswada. Aliinusa. Alipounusa wa Nyamizi, alitabasamu.

"Huu utauzika, binti. Ila jina geni halinunuliwi. Jaladani tuweke langu, la sivyo rudi nao kwenu."

"Sawa, mzee. Lakini hujausoma."

"Pua yangu haijawahi kunidanganya."

"Basi siku ya uzinduzi mkaribishe mama mkwe wako, akae mbele, aone kapata mkwe wa namna gani."

"Yule? Tangu jogoo wake aibwe hasemi na mtu."

"Ndiyo maana anahitaji furaha."

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Mkandawile alishika kipaza sauti, akakifungua kitabu kwa mara ya kwanza, akasoma kwa madaha:

"Mimi ndiye niliyemla jogoo wa mama mkwe wangu, kisha manyoya nikayatupa mlangoni kwa jirani yake."

Mama mkwe akainuka taratibu, akajifunga kanga kiunoni.

"Mama, haki ya Mungu si mimi," alilia Mkandawile, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni. "Kitabu hiki kaandika Nyamizi, tangu neno la kwanza hadi la mwisho."

Nyamizi alikuwa ameshatoa kalamu.

"Haya, pangeni foleni," akasema, "niwasainie."