Gunzi Lenye Alama ya Isere

“Korongo halizibwi mdomoni, huzibwa kichwani,” alisema Mzee Isere, akainama na kuliondoa jiwe ambalo Semeni alikuwa ametoka kulilaza.

Semeni alibaki amesimama, mikono imejaa udongo. Tangu asubuhi yeye na wenzake wa klabu ya mazingira walikuwa wakisomba mawe kutoka penye madarasa mapya na kuyajaza kwenye ufa uliokuwa ukiula uwanja wa mpira wa shule yao. Kina chake hakikufika gotini, lakini goli moja lilikuwa limeshainama. Walimwalika Mzee Isere kutoka Mlangare, kijiji cha jirani, kwa sababu walisikia kwamba kazi hii anaijua. Sasa mjuzi mwenyewe alikuwa anabomoa.

“Babu, si hapa ndipo panapoliwa?”

“Ndipo. Napaona.”

“Sasa mbona unatutolea mawe?”

“Hujasikia? Ametuita wajinga kwa methali,” alisema Idrisa, ambaye ndiye golikipa, na wenzake wakacheka.

“Mjinga wa methali hiyo nilikuwa mimi, mjukuu wangu, wala nafasi yangu siigawi,” alijibu mzee. Aligeuza karai juu chini, akalikalia. “Nileteeni maji ninywe, kisha niwaeleze ilikozaliwa.”

Ilizaliwa hivi.

Miaka ile Isere alikuwa na nguvu zake, na ng'ombe zaidi ya thelathini. Boma lake lilikuwa juu mlimani, na shule ya Mlangare ilikuwa chini. Kila asubuhi ng'ombe walishuka kwenda kunywa maji kwa njia moja, ileile aliyoipita baba yake na babu yake. Kando ya shule palikuwa na korongo. Wazee walikumbuka siku ambazo mtoto aliliruka. Sasa hata ng'ombe akitumbukia, waliitwa vijana sita wenye kamba.

Watu wa Mlangare hawakukaa bure. Walikuwa na desturi waliyojivunia: kila mtoto aliyeandikishwa darasa la kwanza alikuja na jiwe, na mbele ya wazazi alilitupa korongoni, nyuma ya darasa la tatu, watu wakapiga vigelegele. Isere alitupa la kwake, na binti yake Mwantumu alitupa la kwake. Masika yalipokuja maji yaliyazoa yote yakayapeleka mtoni. Mwaka uliofuata watoto walileta mengine. Hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa desturi, na desturi haiulizwi imefanya kazi gani.

Mwaka mmoja mkaguzi wa shule alipima kwa hatua kutoka ukuta wa darasa la tatu hadi ukingoni. Hatua tatu. Akasema, “Masika yakiisha nitarudi. Nikikuta zimebaki mbili, shule hii naifunga. Watoto watasoma ng'ambo ya mto.”

Kila mzazi alielewa. Wakati wa mvua mto ule hauvukiki. Kusoma ng'ambo maana yake ni kukaa nyumbani miezi minne kila mwaka, na Mwantumu alikuwa darasa la tano.

Mwezi huohuo ilifika barua ya wilaya iliyozialika shule zichague kazi moja ya kutunza mazingira, wanafunzi wenyewe waifanye na kuandika wanachokiona masika yote. Shule zitakazofanya vizuri zingepewa miche na tangi la kuvunia maji ya mvua. Mwalimu mkuu alipendekeza wapake chokaa mawe ya barabarani na mashina ya miti, kama ilivyo kawaida wageni wanapotarajiwa. Mwalimu Ijengo, aliyefundisha darasa la tano, aliomba apewe korongo.

Mwalimu huyu alikuwa mtu wa maneno machache. Mambo ya udongo hakuyasomea popote. Aliyapata kwa kutazama, kuandika, na kurudi kutazama tena. Aliwapa wanafunzi wake vigingi, wakavipanga kando ya korongo kutoka darasani kwenda juu. Mvua ilipoanza, watoto wa madarasa mengine walikimbilia ndani, lakini darasa la tano walitoka wamejifunika magunia, kila mmoja akasimama kwenye kigingi chake. Wapita njia walisema mwalimu amechanganyikiwa. Yeye aliwauliza watoto swali moja tu kila siku: “Maji uliyoyaona yametoka wapi?”

Kila mtoto alijibu, “Yametoka juu yangu.” Basi kesho yake walisogeza vigingi juu zaidi. Siku ya tisa kigingi cha mwisho, alichokishika Mwantumu, kilikuwa mlangoni kwa baba yake, pale njia ya ng'ombe ilipoanza kuteremka. Kwato zilikuwa zimeichimba ikawa mfereji.

Mwalimu Ijengo alipanda kwa Isere, akasalimia, akapewa kigoda, akaeleza aliyoyaona. Isere alisimama hata kabla mwalimu hajamaliza.

“Mwalimu, wewe fundisha hesabu. Njia hii imepitwa na babu yangu. Korongo liko kwenu huko chini, na ng'ombe wangu wako huku. Tangu lini ng'ombe akala darasa?”

“Sikuja kukulaumu, mzee mwenzangu,” alisema mwalimu. “Hata mimi naweza kuwa nimekosea. Naomba kitu kimoja. Mvua ijayo, tutazame pamoja.”

Mtu akikupigia kelele, unajua la kufanya. Huyu aliomba macho tu. Isere akakubali.

Mvua ilikuja alasiri ya Alhamisi. Mwalimu alipanda na kikapu cha magunzi ya mahindi, akamwambia Isere achague moja na alitie alama yoyote anayoipenda, asiionyeshe kwa mtu. Isere alichomoa kisu akicheka, akalichonga gunzi mikato miwili na kishimo kimoja. Hiyo ndiyo alama iliyokuwa kwenye sikio la kila ng'ombe wake. Akalitupa kwenye maji mekundu yaliyokuwa yakipita mbele ya lango lake.

“Haya. Likifika shuleni lisalimie.”

Gunzi likazama, likaibuka, likapotea. Wakashuka wawili, mwalimu mbele na Isere nyuma. Njiani Isere aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona, maana mvua ikinyesha yeye hukaa ndani: kila mkondo mdogo wa mlima ule ulikuwa unaingia kwenye njia ya ng'ombe wake, kama ndama wanaomfuata mama yao, na njia inaibeba yote.

Chini, nyuma ya darasa la tatu, Mwantumu alikuwa amejilaza kifudifudi ukingoni, wenzake wawili wamemshika miguu. Aliinuka ana gunzi mkononi, akamletea baba yake kwa mikono miwili, kwa adabu.

“Baba, hili lilikuwa linagonga ukuta.”

Mikato miwili na kishimo kimoja.

Mwalimu Ijengo aligeuka akawa anahesabu watoto.

“Sasa sikilizeni,” Mzee Isere aliwaambia kina Semeni. “Kwetu wafugaji, mnyama mwenye alama yako akikutwa kwenye shamba la mtu, huulizi aliingiaje. Unakwenda na jembe lako, unatengeneza alipoharibu. Nilishawahi kuwadai watu hivyo, na wakatengeneza.”

“Babu, si ungelikana tu? Gunzi halina sikio,” alisema Idrisa.

“Nililifikiria hilo. Lakini mtoto wangu alikuwa ananitazama.”

Kesho yake Isere alichukua jembe, akaihamisha njia ya ng'ombe ikazunguka mlima mahali penye mwamba. Darasa la tano walipanda naye. Walijenga vizuizi vya mawe palepale korongo linapoanzia, penye upana wa hatua moja tu, wakashuka kidogo kidogo wakijenga, na juu yake wakapanda majani na mkonge kwa mistari iliyokingama mteremko. Mwalimu Ijengo aliipima mistari ile kwa kamba na chupa ya maji iliyoonyesha usawa. Palipopinda alisema, “Tufumue,” wakafumua, yeye akitangulia.

Mwenyekiti wa kijiji aliwakuta wakipandisha mawe mlimani, akacheka hadi akashika mbavu. “Enyi watu! Mgonjwa yuko bondeni, ninyi dawa mnaipeleka mlimani?”

Mwalimu aliendelea kupanda. Isere, mwenye jiwe begani, ndiye aliyejibu, bila kusimama: “Korongo halizibwi mdomoni, huzibwa kichwani.”

Mkaguzi alirudi masika yalipoisha. Alipima hatua tatu. Akarudia kupima, kwa hatua fupi, na bado zilikuwa tatu. Alifungua daftari la darasa la tano, akasoma ukurasa kwa ukurasa mpaka chai yake ikapoa. Tangi likaja, na miche ikaja. Mwantumu alimaliza shule palepale. Na hadi leo anayeandikishwa Mlangare huja na jiwe, ila sasa hulipandisha mlimani kwa miguu yake, na vigelegele hupigwa huko juu. Mwalimu Ijengo alihamishwa miaka mingi iliyopita. Isere hajapata kumsikia akisema, “Niliwaambia.”

Mzee akainuka, akapangusa karai.

Semeni alilitazama lile jiwe lililoondolewa, kisha akainua macho. Ufa ulitoka golini, ukapita nyuma ya jiko la shule, ukapanda hadi kwenye paa refu la bati la madarasa mapya, lisilo na hata mfereji mmoja wa kukingia maji.

“Mvua ikinyesha, maji ya paa lile yote yanamwagikia pale,” alisema polepole. “Idrisa, shika jiwe upande huo.”

“Lote hili hadi kule?”

“Ulilitoa wapi, si kule kule?”

Wakalibeba. Wengine wakafuata na ya kwao. Jua lilipoegemea mlima walikuwa wamelaza mawe manne tu chini ya ukingo wa paa, na kamba ya kupimia ilikuwa haijakazwa. Mzee Isere alichomeka kigingi pembeni ya jiwe la nne.

“Hapa ndipo tutakapoanzia kesho. Na mje na magunzi.”

Semeni alimwegeshea mzee jembe lake ukutani. “Korongo halizibwi mdomoni, babu,” alisema.

“Eeh?”

“Huzibwa kichwani.”