Mkufu wa Bi Nyamizi na Ukurasa wa Kati

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kamera na kompyuta zikiwa zimeshafika, palikuwa na mji wa bara wenye stesheni ya reli. Katika mji huo aliishi Kidawa, mtengenezaji wa albamu za harusi. Si zile za kununua dukani na kuchomeka picha kwenye vifuko vya nailoni. Kidawa alichagua picha sitini kati ya mia tisa, akazisafisha, akazipanga, akazichapa, akabandika kurasa ngumu mgongo kwa mgongo, akazilaza chini ya mawe siku mbili zinyooke, kisha akazivika jalada la ngozi. Bibi harusi asiye na albamu ya Kidawa alihesabiwa kama hajaolewa.

Kidawa mwenyewe hakuwa nayo. Alipoolewa na Hamduni, fundi baiskeli, miaka kumi na miwili nyuma, zilipigwa picha nne tu, na katika moja kidole cha mpiga picha kimemfunika bwana harusi.

Sasa Hamduni akaoa mke wa pili. Jina lake Tausi, mrefu, mwenye maneno. Tausi akasema hataki albamu ya mtu mwingine, anataka ya Kidawa.

Hamduni akaenda kwa mkewe mkubwa, akasimama mlangoni.

"Mama Shani, ukikataa watu watasema ni wivu."

"Na nikiifanya mbaya?"

"Watasema ni wivu."

"Na nikiifanya nzuri?"

Hamduni akafikiri. "Hapo sijui watasemaje."

"Watasema mjinga," akasema Kidawa, na kazi akaichukua.

Hamduni alikuwa na mama, Bi Nyamizi. Shingoni mwake palikuwa na mkufu wa dhahabu. Alivikwa na mama mkwe wake, naye huyo alivikwa na wake. Miaka kumi na miwili Kidawa alimfulia Bi Nyamizi, akampikia, akamkanda miguu, akiutazama ule mkufu. Watu wakimuuliza Bi Nyamizi atamvika lini mkwewe, alijibu, "Bado nina shingo."

Bi Nyamizi hakupenda picha. Jino la mbele lilikuwa limeng'oka, na kila akicheka aliziba mdomo kwa upindo wa kanga. Picha yake ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, anaonekana kama mtu aliyeshikwa akiiba kuku wa jirani.

Albamu ikaisha. Siku ya kuifungua wakakaa ukumbini kwa Bi Nyamizi: Hamduni, Kidawa, Tausi, na Chausiku, mpiga picha aliyeajiriwa na Kidawa. Bi Nyamizi akafunua, akafunua, akafika ukurasa wa kati, ule mpana unaolala wazi kurasa mbili kama moja.

Ukurasa mzima ulikuwa yeye. Anacheka. Kanga imeteleza, pengo liko wazi, macho yamefumba, na uso wote unang'aa.

Akaukodolea macho mpaka Hamduni akakohoa.

"Sikujua kwamba nacheka hivi," akasema. "Mama yangu alicheka hivi hivi. Nilidhani uso ule umezikwa naye." Akaugusa mkufu. "Aliyeniletea uso huu ndiye nitakayemvika. Leo. Hamduni, wewe ni shahidi."

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Chausiku akasema, "Bibi, mkufu ni wangu. Picha hii nilipiga mimi. Nilipanda juu ya pipa la maji pale uani, nikangoja tangu sahani ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilipobonyeza, pipa likapinduka, nikaanguka. Tazama mkono wangu, mpaka leo haunyooki. Anayesifiwa ni Kidawa, jina kwenye jalada ni la Kidawa. Lakini jicho ni langu."

Tausi akasema, "Wewe hata mkwe si mkwe. Mama, mkufu ni wangu. Picha ya mtu anayecheka haipigwi mpaka acheke. Nani alikuchekesha? Ni mimi. Bibi harusi hainui macho, hasemi, nami niliinama nikakunong'oneza mbele ya watu wote. Mpaka leo kisimani wananiita asiye na haya. Nililiacha jina langu pale ili wewe ucheke."

Kidawa akasema, "Mama, mkufu ni wangu. Picha hiyo ilikuwa nyeusi kama chungu. Katika mia tisa, nani angeiona? Niliiona mimi. Siku tatu nilitoa giza usoni mwako, kidogo kidogo, bila kukugeuza mtu mwingine. Na pembeni mwa picha nilikuwepo mimi, nimebeba sinia la pilau. Ningeiacha nzima, mji ungeuona uso niliokuwa nao siku hiyo. Nilijikata. Fungua albamu yote, mke mkubwa wa Hamduni hayumo. Harusi ya mume wangu, na mimi sikuwepo."

Bi Nyamizi akaanza kufungua kishikizo cha mkufu. Lakini Kidawa hakunyamaza.

"Na huyu Chausiku asikudanganye kuhusu pipa. Kabla ya picha hiyo zipo nyingine arobaini kwenye kompyuta. Zote ni uso wangu. Alipanda pipa kuniwinda mimi, aukamate wivu wangu awaonyeshe watu. Wewe, mama, ulipita tu."

Chausiku akatazama chini. "Ni kweli. Nilitaka siku moja na yeye aonekane mbaya." Kisha akainua kichwa. "Lakini Bibi, albamu zote tangu niajiriwe, ukurasa wa kati ni wa bwana na bibi harusi. Hii peke yake ndiyo ina mama mkwe. Muulize kwa nini."

Tausi akaivuta albamu. "Nilikuwa nimekaa hapa, ubavuni kwa mama. Nimebaki shavu na vidole vitatu vya hina. Shavu, katika harusi yangu mwenyewe."

Kidawa akasema, "Kweli, sikutaka akae kati. Kila nilipomweka hapo, mkono ulikataa. Nikamweka mama."

"Ehe," akasema Tausi. "Umesikia, mama?"

"Nimesikia," akasema Bi Nyamizi. "Na wewe, nikumbushe. Ulininong'oneza nini?"

Tausi akashika ushungi wake.

"Sema. Mumeo yupo, asikie."

"Nimesahau, mama."

"Mimi sijasahau. Uliniambia, 'Mtazame mke mwenzangu alivyolibeba sinia, utadhani amebeba jeneza la mumewe.' Nami nikacheka." Bi Nyamizi akamtazama Kidawa. "Nilicheka mpaka kanga ikateleza, na anayechekwa ndiye anayenikanda miguu."

Maneno hayo Kidawa alikuwa hajawahi kuyasikia. Siku tatu alikuwa ameking'arisha kicheko, hajui kwamba kinamcheka yeye.

Hamduni akasema, "Mama, basi uache tu mkufu."

"Nimeahidi," akasema Bi Nyamizi, "na wewe ndiye uliyeleta harusi, kaa kimya."

Akauvua. Akauweka juu ya ukurasa wa kati, juu ya uso wake unaocheka, na wote watatu wakautazama, hakuna aliyenyoosha mkono.

Haya, nyie mliokaa hapa. Msiniambie ukatwe vipande vitatu. Mkufu ukikatwa hauvaliki. Wala msiniambie Bi Nyamizi ajirudishie shingoni, neno lilishatoka. Chausiku alipanda pipa kwa wivu, akaumia mkono. Tausi alichekesha kwa wivu, akachafua jina. Kidawa alikata kwa wivu, akajikata na mwenyewe. Mmoja kati yao asingekuwepo, mama yule angekufa akidhani uso wake ni ule wa kitambulisho.

Je, ingekuwa wewe ndiye Bi Nyamizi, ungemvika nani?