Kuku Aliyetafuta Mrija

Hapo zamani, si zile za mazimwi bali za karibu tu, mabati yalipokuwa yamekwisha kufika na waya zikiuzwa dukani, palikuwa na mji uitwao Kwemvumo. Watu wake waliringia jambo moja kuliko yote: hawakuchinja mnyama mwenye kiu. Awe ng'ombe, awe jogoo, kwanza anyweshwe. Na mtu hakutia nyama mdomoni kabla ya kuuliza, "Kanyweshwa?" Mwenye chungu akajibu, "Kanyweshwa." Hapo watu wakala kwa moyo mweupe.

Kila mtu mzima alikuwa na kibuyu chake cha maji. Aliyemtesa mnyama alivunjiwa kibuyu hicho kwa jiwe, pale kisimani, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kumpa maji. Akafungasha, akahama. Kwa shauri moja kilivunjwa kibuyu kimoja tu. Kikishavunjwa, wengine wote walirudi makwao wakiwa safi.

Basi katika mji huo waliishi Mashavu na mdogo wake Mgaza. Wazazi walikwisha kufa, ndugu wengine hawakuwa nao.

Mgaza alikuwa msasi. Akimwangusha mnyama, alimkimbilia na kibuyu, akamdondoshea maji mdomoni, ndipo akachinja. Watu hawakumpenda. Walisema ananuka damu. Wakimwona na upinde walivuka upande wa pili wa njia. Nyama yake waliila, hilo halikuwashinda.

Mashavu alifuga kuku. Alikuwa na nyumba ndefu ya mabati isiyo na dirisha, na ndani yake vizimba vya waya vimepandana mpaka juu. Kila kizimba kuku watano, na hakuna hata mmoja aliyepata nafasi ya kunyoosha bawa. Maji yaliwashukia kwa mrija, tone kwa tone, asubuhi hadi jioni. Mayai yalikuwa mengi na rahisi, hata fukara alimchemshia mwanawe. Ah, Mashavu walimpenda! Walimwita Mama Riziki. Walisimama mlangoni, wakauliza, "Wananyweshwa?" Naye akajibu kweli tupu, "Wananyweshwa." Wakachukua trei zao, wakaondoka wameziba pua. Ndani hakuingia mtu.

Mgaza peke yake aliingia, mara moja. Akasimama kitambo, akatazama, akasema, "Dada, hawa wangu walau wamewahi kukimbia."

Mashavu alimnunia mwezi mzima. Alikasirika kwa sababu jambo hilo alikwisha kuliwaza mwenyewe.

Sasa Bi Rehani, mjane wa mji huohuo, akawa anamwoza binti yake wa pekee. Ilikuwa masika, wakati kulungu wananyonyesha na wasasi wamezitundika pinde. Akamwendea Mgaza.

"Mwanangu, wakwe zangu wanatoka mbali. Niwape kuku wa vizimbani, nyama haina hata ladha? Niletee kulungu."

"Mama, huu si wakati wake. Majike yana watoto."

Siku ya pili akaja, Mgaza akakataa. Siku ya tatu akaja analia, akampigia magoti. Na Mgaza, ambaye mji mzima ulimsalimia kwa mbali, hakuwa amezoea kuombwa. Akalegea. Akautungua upinde.

Mshale ulimpata kulungu jike tumboni. Mnyama akatoka mbio na mshale wake, akateremka kilima, akaingia mjini mchana kweupe na kuanguka kisimani, mbele ya watoto waliokwenda kuteka maji. Maziwa yalikuwa yanamvuja. Mgaza alipofika anahema, kibuyu mkononi, kulungu amekwisha kufa bila kuonja tone. Mtoto wake alibaki porini na hakuonekana tena.

Mji ukachafuka. Watu wakajaa kisimani tangu mchana mpaka jua likaanza kushuka. "Katili!" "Hana huruma huyo!" "Kivunjwe!" Njaa ikawauma, mayai ya kuchemsha yakaletwa, wakayapitisha mkono kwa mkono. Wakamlaani Mgaza huku viini vimewajaa mdomoni. Mashavu aliwatazama wakimenya. Maganda yote yale yalitoka nyumbani kwake.

Jumbe, mkuu wa mji, akaleta jiwe. "Mgaza, una la kusema?"

"Jumbe, mkono uliolenga ni wangu, na nililenga vibaya. Jike la masika haliguswi, nami nilijua. Lakini nimewinda miaka ishirini. Wote waliomtangulia huyu walikufa wamekunywa, na mpaka siku yao ya mwisho walikwenda walikotaka. Kibuyu changu hiki." Akakiweka chini.

Bi Rehani akapasua umati. "Alinikataa mara mbili, Jumbe! Mimi ndiye niliyemlilia. Kama si sherehe yangu, kulungu yule angekuwa na mwanawe. Ila upinde sikuushika, na moyo wa mama anayeoza mnaujua." Naye akaweka kibuyu chake.

Mashavu akawaza. Akinyamaza, mdogo wake atahama, lakini yeye ataendelea kuwa Mama Riziki. Akisema, hajui atakuwa nani. Miguu ikamchukua hadi nyumbani, akafungua kizimba, akarudi na kuku kifuani.

Akamweka chini, kuku hakusimama. Kucha zilikuwa zimerefuka na kujikunja, kifua hakina nyoya. Mashavu akajaza bakuli maji, akalisogeza mpaka likagusa mdomo wake. Kuku hakuinama. Aliinua shingo, akapanua mdomo, akautafuta mrija hewani.

Watu wakasogea kutazama.

"Maji haya mbele yake, na hajui kuyanywa," Mashavu akasema. "Mliniuliza kama wananyweshwa, sikuwahi kuwadanganya. Mgaza amekosea mara moja. Mimi sijakosea hata siku moja, na kuku wangu elfu mbili wote wako hivi. Lakini watoto wenu wamenawiri kwa mayai yangu. Nikiacha, mtawalisha nini?"

"Sisi hatukujua!" mtu mmoja akapaza sauti. "Sisi tulinunua tu!"

"Harufu mliisikia, jamani. Kila siku mliziba pua mlangoni pangu."

Baadhi wakayaangusha mayai kwa siri nyuma ya migongo yao. Wengine wakameza upesi.

Mgaza akamshika mkono. "Dada, ondoa maneno yako. Mimi kuchukiwa nimezoea, wewe hutaweza."

Hapo Mashavu akalia kwa sauti. Laiti angemjibu siku ile alipoingia bandani, badala ya kumnunia. Laiti angewafungulia watu mlango mapema, kabla ya masika, kabla ya harusi, wakati bado pangekuwa na la kuokoa. Akakitua kibuyu chake kati ya vile viwili.

Vibuyu vitatu vikakaa mbele ya Jumbe. Na Jumbe mwenyewe, asubuhi ile, alikuwa amestaftahi kwa mayai mawili. Aliuliza, "Wamenyweshwa?" Akajibiwa, "Wamenyweshwa." Akala kwa moyo mweupe. Kibuyu chake kilikuwa kinaning'inia kiunoni, na watu waliomzunguka walikuwa na vyao viunoni, wakivishika kwa nguvu.

Akainua jiwe. Mkono ukaganda juu. Pale chini kuku bado ameinua shingo, anasubiri tone.

Naiacha hapo, maana hapo ndipo mkono wa Jumbe ulipokwama, na wangu pia. Nyinyi mlioshiba ndipo mkaja kunisikiliza, mshikeni mkono mumshushie jiwe. Yupo aliyelenga mshale, yupo aliyelilia nyama, yupo aliyefunga mlango, na wapo walioziba pua wakala. Kibuyu ni kimoja tu. Je, nani alistahili kuvunjiwa chake?