Mzee Mhina na Ua wa Mjukuu

"Ua wa mtoto hupimwa kwa magoti." Mmemsikia Mama Riziki akimwambia mumewe maneno hayo, nanyi mkacheka mkidhani anamtukana. Hakumtukana. Alimpa usia, na usia huo una mwanzo wake. Kaeni niwaeleze ulikotoka.

Huko Muheza alikuwako mzee mmoja, jina lake Mhina, fundi wa mazizi. Ng'ombe wa upande ule karibu wote walilala ndani ya kazi ya mikono yake. Yeye alilijua hilo, na alipenda na wengine walijue. Kila alipomaliza zizi alilikagua akiwa wima, mikono nyuma, kidevu juu. Magoti, alikuwa akisema, ni ya msikitini. Kazini fundi husimama.

Mhina alikuwa mjane. Aliishi na bintiye Mwantumu, ambaye mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari za mbali, pamoja na mjukuu wake Mwajabu. Mwajabu alikuwa ameanza kutambaa, na kwa kutambaa huko hakuna aliyemfikia. Babu yake alimwita mchumba, kama babu wote wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na kila asubuhi alimwuliza harusi ni lini. Mwajabu alimjibu kwa kumvuta ndevu.

Basi Mwantumu akapata kazi ya ualimu. Mama mkwe wake, Bi Kidawa wa Handeni, akatuma neno upesi: mwanamume mzee hawezi kulea mtoto anayetambaa, aletwe kwake. Neno hilo lilimchoma Mhina. Nyumba bila Mwajabu ingebaki na yeye, paka, na saa ya ukutani.

"Mwambie mkweo atulie," alimwambia bintiye. "Nitamjengea mchumba wangu ua ambao fahali hatoki."

Akajenga. Alichagua mianzi iliyonyooka, akaiondoa miiba, akaizungushia ua ule pembe moja ya ukumbi na kutandika mkeka ndani. Mlango aliutia komeo. Majirani walikuja kuusifu, naye akawatembeza kuuzunguka, mikono nyuma.

Siku ya kwanza tu, Mwajabu akakutwa uvunguni mwa kitanda anatafuna kandambili.

"Nani ameacha mlango wazi?" Mhina akauliza. Akatia komeo la pili. Mwajabu akakutwa jikoni, uso mweusi kwa mkaa. Mhina akamtazama paka kwa jicho baya, akaenda dukani kununua kufuli. Ufunguo akautundika shingoni kwa kamba. Jioni ile Mwajabu alimpokea mama yake mlangoni.

Mwantumu hakucheka. "Baba, Bi Kidawa anakuja Ijumaa baada ya swala. Akimkuta mtoto nje ya ua, ataondoka naye. Na mimi sitakuwa na la kusema."

Ijumaa ilipofika, Mhina aliingia na mjukuu ndani ya ua, akafunga mlango kwa kufuli nyuma yao, akakagua kuta zote akiwa wima. Alipoinama kumbusu, kibati chake cha ugoro kilimponyoka mfukoni kikabingirika hadi pembeni. Kukiacha hapo hakuwezekani. Akashuka kwa magoti, huku akilaani viungo vyake.

Alipokishika tu, Mwajabu akampita kando. Akajiweka ubavu, akatoa kichwa, bega, na tumbo, akawa nje. Hakukutana na komeo wala kufuli.

Mhina akaduwaa. Nafasi baina ya mianzi ilikuwa ile aliyoipima maisha yake yote, nafasi ambayo ndama hapiti. Mwajabu hakuwa ndama.

Mtoto akawa anaielekea chupa ya mafuta ya taa, iliyokuwa chini ya benchi. Mhina akauona pia mwisho wa kitambaa cha meza unaning'inia, na juu yake birika la chai. Hofu ikamshika. Akasahau kufuli na ufunguo, akarusha kichwa baina ya mianzi amfuate. Kichwa kikapita. Masikio yakakataa kurudi.

Akabaki hapo amebanwa, akalia kama kuku anayeita vifaranga, kwa kuwa hakuwa na silaha nyingine. Mwajabu akageuka. Kuku mwenye ndevu alikuwa bora kuliko chupa. Akarudi, akaketi mbele yake, akazikamata ndevu kwa mikono miwili.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Bi Kidawa. Uniwie radhi, siwezi kuinuka."

Bi Kidawa akasimama akitazama. "Mzee Mhina, ua huu ni wa mtoto au ni wako?"

"Ni wa mtoto."

"Na mtoto yuko nje."

"Yuko nje."

"Mlango je?"

"Umefungwa vizuri sana."

Bi Kidawa akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaondoa chupa na birika, akatafuta mafuta ya nazi, akampaka masikioni na kumsukuma hadi akachomoka. Mhina akafungua mlango, akatoka akiwa bado kwa magoti. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Mchukue," alisema. "Nimeukagua ua huu kila siku, na sikuuona mpaka leo."

"Umeona nini huko chini?"

"Shuka uone."

Bi Kidawa akakusanya baibui lake, akashuka kwa taabu. Alipoinama, pini ya mtandio wake ikaanguka bila yeye kujua. Mwajabu aliiona mara moja. Ilikuwa imefika mdomoni Mhina alipoinyakua.

Bi Kidawa akaipokea pini, akaifunga mtandioni, akaanza kutambaa naye.

Mwantumu aliporudi aliwakuta wazee wawili wanatambaa ukumbini, Mwajabu akiwatangulia.

"Jamani, kuna nini?"

"Tunapima," alijibu mama mkwe wake. "Mtoto abaki hapa. Mimi kwangu sijawahi kushuka hivi. Ngoja kwanza nikapime na kwangu Handeni."

Mhina aliongeza mianzi ua mzima, nafasi zikawa finyu. Tangu siku hiyo, baba yeyote aliyekuja kumwagiza ua wa mtoto alitumwa kwanza akatambae nyumbani kwake mwenyewe. Aliyeona haya alirudishwa na pesa zake.

Na mume wa Mama Riziki, mlivyomwona, alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, anausifu ua aliomjengea mtoto. Ndipo mkewe akamwambia: ua wa mtoto hupimwa kwa magoti.