Mkunga wa Wasit na Afyuni

Wametusimulia waliotutangulia, nao walipokea kwa wazee wao, kwamba katika mji wa Wasit paliishi mkunga mcha Mungu aliyeitwa Atika binti Harb, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kila alipokwenda kuzalisha alibeba kikasha cha dawa, na ndani yake mlikuwamo afyuni, dawa kali ya kutuliza maumivu, kwa ajili ya mama aliyezidiwa na uchungu.

Mwaka mmoja Atika alianguka ngazini akaumia mgongo. Akameza afyuni kidogo ili aweze kusimama katika sala. Maumivu yakapoa, na kesho yake akameza tena. Mgongo ulipona, lakini yeye hakuweza kuacha. Kila alipojaribu, jasho lilimtoka, mifupa ikamuuma, usingizi ukamkimbia. Akawa anameza, anatubu, kisha anameza.

Adhuhuri moja aliitwa kwa Sukaina, mke wa mfinyanzi, ambaye mtoto wake wa kwanza alikaa vibaya tumboni.

"Mama Atika, nipe dawa, nakufa!"

Atika akafungua kikasha. Hamkuwa na kitu. Cha mwisho alikimeza mwenyewe asubuhi ile.

"Dawa imeharibika, binti yangu," akasema. "Subiri. Mungu yu pamoja na wanaosubiri."

Sukaina akateseka hadi alasiri, ndipo mtoto akatoka salama. Watu wa nyumba ile wakamshukuru mkunga na kumwombea dua, na kila dua ikamchoma. Amelitaja jina la Mola wake ili kufunika uongo! Siku tatu hakula akashiba. Siku ya nne akarudi kwa Sukaina.

"Dawa haikuharibika. Niliimeza mimi. Huu ni mwezi wa nane siwezi kuiacha. Nilikudanganya nawe uko katika uchungu."

Sukaina akamvuta mtoto kifuani. "Ondoka," akasema.

Atika akaenda moja kwa moja hadi kwenye nyumba ya kutibia wagonjwa, akamweleza tabibu mzee aliyeitwa Muhallab. Alitarajia kukemewa. Tabibu akamuuliza tu anameza kiasi gani na tangu lini, kama amwulizavyo mwenye homa.

"Tabibu, haya ni maasi, si maradhi."

"Uongo wako ni dhambi, nawe umeshaanza kuutubia. Lakini mwili uliotekwa na afyuni ni mgonjwa, na mgonjwa hutibiwa. Usiache kwa ghafla, utashindwa. Juma hili meza kiasi cha punje ya dengu, juma lijalo pungufu ya hapo, hadi kisibaki kitu. Ila dawa isikae mikononi mwako. Tafuta mtu wa kukupimia, asiyekuonea haya."

Atika hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa nyumbani kwake, bado anawaza nani wa kumwomba, Sukaina akabisha hodi.

"Bado nina hasira nawe," akasema akiwa mlangoni. "Lakini ungenyamaza nisingejua kamwe. Sasa utafanya nini?"

Atika akamweleza maneno ya tabibu, akamwonyesha afyuni aliyopewa naye. Sukaina akanyoosha mkono. "Lete. Mimi sikuonei haya."

Tangu siku hiyo Atika akawa anakwenda kwake kila asubuhi kupokea kipimo chake. Kuna siku alilia aongezewe. Kuna siku alimtolea Sukaina maneno makali, na Sukaina akaendelea kukanda unga wake. Mwezi wa pili Atika akashindwa, akanunua afyuni sokoni kwa siri. Asubuhi akaja kichwa chini.

"Jana nilinunua, nikameza. Nimeharibu kila kitu."

"Nani kakulazimisha uniambie?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

"Basi hujaharibu kila kitu," akasema Sukaina. "Keti, upokee cha leo."

Ilichukua miezi mitano hadi akaacha kabisa, na mwaka mzima kabla hajaitwa tena kuzalisha. Wa kwanza kumwita alikuwa Sukaina, kwa mimba yake ya pili. Atika akaenda, lakini dawa akaiacha mikononi mwa mama wa mfinyanzi. Wanawake wakamuuliza kama haiamini toba yake.

"Rehema ya Mola wangu naiamini," akajibu. "Mkono wangu naujua."

Katika uzee wake alijiwa na mtu mmoja muungwana, aliyekuwa mtumwa wa pombe, akanong'ona kwa aibu, "Bibi, uliachaje?" Atika hakumpa mawaidha. Alijifunga shungi, akamwambia, "Nifuate," akamfikisha kwa matabibu, akangoja nje mpaka alipotoka.

Ndugu zangu, toba ya mja huyu haikuishia kwenye ulimi. Alisema kweli, akakubali kutibiwa, akaanguka na akasema kweli tena. Na tulio na jamaa katika mtihani kama huu tumtazame Sukaina, aliyekuwa na haki ya kukasirika, akakasirika, kisha akanyoosha mkono. Mola atujaalie mikono kama ile.