Mkia wa Wakili Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na mahakama kama sisi, Simba alikuwa hakimu, Fisi alikuwa askari, na Bi Pimbi, yule mdogo wa kukaa miambani, alikuwa wakili.

Siku moja ngoma ya Simba iliibwa. Fisi akamkamata Digidigi, akamsweka mahabusu. Pimbi alipokwenda kumwona, alimkuta macho yamevimba na mguu mmoja haukanyagi.

"Nimekiri, dada," Digidigi alilia. "Fimbo zilinizidi. Hiyo ngoma sijaiona hata ndotoni. Keshokutwa natupwa kwa Mamba!"

Pimbi alikasirika hadi meno yakamgongana, ka-ka-ka! Lakini hasira haimtoi mtu mahabusu. Na Pimbi alimjua Fisi vizuri: kila mwizi akikiri, Simba humpa Fisi paja la nyama.

"Fisi akija kukuuliza habari za mkia, kubali upesi," alimnong'oneza Digidigi. "Usingoje fimbo."

Kisha akatoka mbio akipiga mayowe. "Uwii! Afande Fisi, nimeibiwa!"

"Umeibiwa nini?"

"Mkia wangu! Mrefu, mweupe nchani! Niliufua siku ile ile ngoma ilipoibwa, nikauanika mwambani, sasa haupo!"

Fisi akameza mate, gu! Paja la pili hilo. Hata kumtazama Pimbi kwa nyuma hakumtazama.

"Nenda nyumbani, mama. Kabla jua halijatua mwizi atakuwa amekiri."

Siku ya kesi baraza lilijaa. Pimbi akasimama juu ya kigoda ili aonekane.

"Afande, mkia wangu aliuiba nani?"

"Digidigi! Amekiri kwa hiari yake, bila kuguswa."

"Ulichunguza?"

"Sana! Mkia wenyewe naujua, nimekuona nao mara nyingi."

"Na ngoma alikiri vipi?"

"Vilevile! Sawasawa kabisa!"

"Ahsante, afande. Mama, wanangu, hebu simameni."

Mama yake Pimbi akasimama na wajukuu saba, wakamgeuzia Simba migongo. Pimbi naye akageuka. Mkia? Hata wa dawa!

"Mheshimiwa, ukoo wetu haujawahi kuwa na mkia tangu tuumbwe."

Baraza zima likaangua kicheko, kwa-kwa-kwa! Simba hakucheka. Alimvua Fisi kofia ya uaskari, akamwachia Digidigi aende kwao.

Mwizi wa ngoma hajulikani hadi leo, maana hakuna aliyemtafuta.

Fimbo hutoa maneno, wanangu, haitoi ukweli.